Habari za Mama Yetu, Mwanamke wa Meru

Mtu akitaka kujua habari za Kanisa katika mlima Meru hakosi kuzipata. Ataambiwa ya kuwa mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipanda mlimani kutafuta mahali pa kujenga, wakauawa huko Akeri mwezi wa Oktoba. Ataambiwa jinsi Wadachi walivyolipiza kisasi, wakachoma migomba na kuteka ng'ombe. Ataambiwa tena ya kuwa mwaka 1902 Arno Krause na Karl Fickert walianza kituo cha Nkoaranga, na mwaka 1904 kikaanzwa cha Ilboru kwa Waarusha. Mambo haya yameandikwa, nayo ni kweli, na ni vema watoto wayasome. Lakini sisi tukivifungua vitabu hivyo twaona jambo moja: majina ya waliohubiri yamo, majina ya walioamuru kujenga yamo, bali waliochota maji ya kukandia udongo wa kuta zile hawamo. Nao aghalabu walikuwa wanawake.

Kwa hiyo tumeona vema kuandika habari za mmoja wao, naye ni mama yetu mzazi. Jina lake hatuliandiki. Katika maisha yake hakupenda kutajwa kanisani hata kwa sadaka, akisema ya kuwa mtu anayesomwa jina lake Jumapili, Jumatatu huwa mzito kuamka. Sisi tunaoandika tu watoto wake, na wawili miongoni mwetu tumekuwa walimu.

Alibatizwa akiwa mtoto mchanga mwaka 1931. Alikulia upande wa Maji ya Chai, na alama ya utoto ule hakuiacha mpaka kufa, maana meno yake yalikuwa ya rangi ya kahawia. Wageni walidhani ni tumbako. Maji ya upande ule yana floraidi nyingi itokayo katika mawe ya mlima, nayo humharibu mtoto meno wakati yanapoumbika kabla ya kuota; sisi wenyeji twatambuana kwayo hata tukikutana Dar es Salaam. Shule aliyosoma ilikuwa kibanda cha nyasi, na mwalimu wake alikuwa na kitabu kimoja cha kusomea kwa watoto wote. Basi wale waliokaa upande wa pili wa kitabu walijifunza kusoma herufi zikiwa zimepinduka. Mama alikuwa miongoni mwao. Hata uzeeni aliweza kusoma Biblia iliyoshikwa na mtu aliyemkabili, jambo lililowashangaza wajukuu kuliko miujiza yote.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi, Wapolandi walifika Tengeru. Ilikuwa mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili. Walikuwa yapata watu 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliotolewa kwao na Warusi wakapelekwa nchi za baridi kali, kisha wakapitia Uajemi hata wakafika Afrika. Mama alikuwa akienda huko pamoja na shangazi yake kuuza ndizi na mayai. Alitueleza mara nyingi ya kuwa ndipo alipowaona Wazungu maskini kwa mara ya kwanza, na ya kuwa jambo hilo lilimtia hofu. Alikuwa akifikiri ya kwamba mtu akiwa na viatu hawezi kufukuzwa kwake. Palikuwa na mwanamke mmoja Mpolandi aliyenunua yai moja kila safari, hazidishi, akalipa kwa uzi wa kushonea, kwa kuwa fedha hakuwa nayo. Hawakuwa na lugha ya kusemezana. Makaburi ya wale waliofia huku yapo Tengeru hata leo, yametunzwa, na kila apitapo mama alikuwa akipunguza mwendo.

Mwaka 1949 aliolewa kanisani, naye baba akamchukua mpaka Engare Nanyuki. Nchi ile iko upande wa kaskazini mashariki wa mlima. Ni nchi kavu ya malisho na upepo, Meru nyuma yako na Kilimanjaro mbele yako. Ukoo wa baba ulikuwa na ng'ombe huko. Baba mwenyewe alikuwa seremala, akajenga nyumba na kuitia mlango wa mbao wenye komeo, wakati majirani walipokuwa bado wakitumia milango ya fito. Dada yetu mkubwa alizaliwa humo mwaka 1950.

Habari za Novemba 1951 Wameru wote wanazijua, lakini kwa ajili ya vijana tutazisema. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imekata shauri kuwaondoa watu wa Engare Nanyuki, wapatao 3,000, ili nchi ile wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Walitakiwa wahamie Kingori. Wengi walikataa, wakisema ni nchi ya joto isiyofaa kwa mifugo yao. Basi wakaja askari, wakawatoa watu na vyombo vyao, na nyumba zikachomwa moto. Mama alimfunga dada mgongoni, akachukua chungu, kibuyu cha mbegu za maharagwe, na kuku mmoja. Baba hakuchukua kitu ila mlango. Aliung'oa, akauchukua mgongoni kuuzunguka mlima siku mbili, na watu wakamcheka kwa uchungu wao. Mlango ule ungali nyumbani kwetu. Umekwisha tiwa bawaba mpya mara tatu.

Mwaka uliofuata, 1952, Kirilo Japhet, Mmeru wa kwetu, alikwenda New York pamoja na wakili Earle Seaton, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akaeleza shauri la nchi yetu. Wameru walichanga fedha za safari. Mama hakuwa na fedha, akatoa yule kuku wa Engare Nanyuki. Shauri likafika mpaka Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwisho wa mwaka ule, lakini halikupata kura za theluthi mbili, na nchi haikurudishwa wakati ule. Watu wengi walivunjika moyo. Mama naye alivunjika moyo, wala hatutaki kumfanya kuwa shujaa katika jambo hilo, alilia. Lakini miaka ilipopita alizoea kututania, akisema, "Kuku wangu amefika New York, na mimi sijafika hata Nairobi."

Walipokelewa na kaka wa baba, mwenye kihamba karibu na Nkoaranga. Mtu aliyekaa katika kihamba cha shemeji yake anajua maana ya kuishi kwa kupimiwa ndizi. Mama aliogopa kuonekana hana kazi, kwa hiyo asubuhi, akiisha kukata majani ya ng'ombe wa shemeji, alikuwa akipanda hospitali ya misioni kusaidia kufua mashuka. Hakuajiriwa, wala hakuomba kuajiriwa. Alikwenda tu, na baada ya muda watu wakasahau ya kuwa hakuwahi kuitwa.

Huko ndiko alikowaona watoto waliobaki bila mama. Ninyi mlio wazazi mnajua jinsi mambo yalivyokuwa zamani. Mwanamke alianza uchungu nyumbani, akachukuliwa machela siku ya tatu, akafika amekwisha choka. Na mara nyingine mtoto akapona, mama akafa. Baba wa mtoto hakuweza kumnyonyesha. Bibi akiwapo alimchukua. Asipokuwapo, mtoto alikaa hospitalini. Na maziwa ya kopo yalikuwa na bei. Basi baba alipopata ng'ombe mmoja, mwaka 1955, mama alianza kupeleka chupa moja ya maziwa kila siku. Chupa ile ilikuwa ya kioo cha kijani, yenye kizibo cha gunzi la hindi.

Hapa twafika mahali pagumu, nasi hatutaparuka.

Baba alikufa mwaka 1961 kwa homa ya mapafu, akaacha watoto sita. Mwaka 1962 dada yetu mkubwa alifaulu kwenda darasa la tano, na siku zile karo ilikuwa bado inalipwa. Kahawa ya mwaka ule ilikuwa chache. Baba mkubwa, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuja jioni akaketi mekoni, akaomba punje za mahindi. Akaweka punje moja kwa kila chupa ya maziwa iliyokwenda hospitali tangu mavuno yaliyopita. Punje zikajaa ungo. Akazitenga mafungu mafungu kwa bei ya soko la Tengeru, akasema, "Shemeji, hii ndiyo karo ya mtoto wako. Umeinywesha kwa watoto wa watu."

Mama akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu wangu ana mimi."

Hakusema neno jingine, na asubuhi chupa ikaenda. Dada yetu hakwenda darasa la tano. Alibaki nyumbani, akakata majani, akatulea sisi wadogo, na karo zetu zilizofuata zilitoka katika jasho lake kama zilivyotoka katika la mama. Watu wanaposifu wema wa mama mbele ya dada, yeye huinuka akaenda kutazama chungu. Sisi tumelitafakari jambo hili miaka mingi. Wako miongoni mwetu wanaosema mama alitenda haki, kwa kuwa mtoto asiyekwenda shule hafi, bali mtoto asiyenyonya hufa. Wako wanaosema chupa mbili kwa wiki zingetosha hospitali na nyingine zingeuzwa. Maneno yote mawili yana nguvu. Lakini twaona pia ya kuwa sadaka ile haikuwa ya mama peke yake. Ilitolewa na msichana wa miaka kumi na miwili ambaye hakuulizwa, na katika ibada za shukrani hatujasikia mtu akimshukuru yeye. Mapadre na wachungaji hupenda kuhubiri habari za mjane na senti zake mbili. Hatukumbuki aliyehubiri habari za watoto wa mjane yule, kwamba jioni ile walikula nini.

Katika miaka iliyofuata hatuna mengi ya kusimulia, maana maisha ya mwanamke wa shamba hufanana siku kwa siku. Aliimba sauti ya pili katika kwaya mpaka meno ya mbele yalipong'oka. Alikuwa mmoja wa wanawake waliozuru wagonjwa kila Alhamisi, nao walikuwa na desturi njema ambayo twatamani irudi: hawakwenda na maneno tu, walikwenda na majembe. Walimwombea mgonjwa, kisha wakapalilia shamba lake. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa mwaka 1963, na Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, yeye alikuwa shambani siku zote mbili. Siku za mnada baada ya ibada, wakati vitu vya sadaka vinapouzwa nje ya kanisa, alikuwa na mchezo wake. Alileta mkungu wa ndizi, kisha akapandisha bei ya mkungu ule ule kwa maneno mpaka mtu mwenye fedha akaona haya, akaununua mara mbili ya thamani yake. Mnadishaji alimwogopa.

Lakini mwaka 1990 ukaja ugomvi wa dayosisi. Wasomaji wa Meru hawapendi kukumbushwa, nasi hatuandiki ili kufufua neno lililozikwa, wala hatutasema upande upi ulikuwa na haki. Twasema tu yaliyotukia. Wameru wengi walitaka dayosisi yao wenyewe, watoke katika Dayosisi ya Kaskazini, wengine wakakataa, na tangu 1990 mpaka 1993 Wakristo wa mlima mmoja walipigana. Nyumba zilichomwa. Mibuni ilikatwa, na mtu asiyelima kahawa hajui ukatili wa jambo hilo, kwa kuwa mbuni hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa vema. Watu waliokunywa kikombe kimoja cha Bwana wakawa hawasalimiani njiani. Dayosisi ya Meru ikaundwa ndani ya KKKT, na wengine wakajitenga wakaanza kanisa jingine.

Nyumba yetu iligawanyika. Ndugu zetu wawili walisimama pande mbili, na kila mmoja alikuwa na sababu zake na mistari yake ya Maandiko. Mama alikuwa ameona nyumba zikichomwa mara moja katika maisha yake, nazo zilichomwa na wageni. Alisema ya kuwa moshi ule wa kwanza haukumwumiza macho kama huu. Akaweka sheria mbili. Ya kwanza, mekoni kwake neno dayosisi halitatajwa; mtu akilitaja, atatoka nje na sahani yake. Ndugu yetu mmoja alikula mvuani mara mbili. Ya pili aliiweka juu yake mwenyewe: hatakosa msiba wa upande wo wote. Watu walimwonya. Wazee wakamwita, wakamwuliza yeye ni wa nani hasa. Akawajibu, "Mimi nilibatizwa. Sikumbuki kama siku ile walinitajia jina la dayosisi." Wengine waliliona jibu hilo kuwa la ujanja. Sisi twalijua kuwa la uchovu.

Mwaka 1996 mmoja wa hao ndugu wawili akafa. Zilikuwa siku za Ukimwi, nasi hatufichi, maana kufichaficha ndiko kulikoua wengi. Aliacha watoto wawili wadogo na mjane aliyemfuata baada ya miezi minane. Maiti ikiwa nyumbani, likazuka swali la nani atakayemzika, kwa kuwa marehemu alikuwa upande mmoja na kihamba cha makaburi yetu kilikuwa katika mtaa wa upande mwingine. Wenye hasira walisema asizikwe hapo. Mama alichukua taa, akatoka usiku peke yake, akaenda kwa wazee wa upande huu, kisha akavuka korongo akaenda kwa wazee wa upande ule. Hatujui aliwaambia nini, hakutueleza kamwe. Twajua tu ya kuwa alirudi jogoo wa pili akiwa na tope mpaka magotini, na ya kuwa kesho yake mchungaji mmoja alisoma na mwinjilisti wa upande wa pili akaomba. Yule ndugu aliyebaki alishika koleo tangu mwanzo mpaka kaburi likajaa, akakataa kupokewa.

Hivyo mama akiwa na miaka sitini na mitano alianza tena kulea. Na katika miaka hiyo hiyo watoto wasio na mama waliongezeka sana katika makao ya watoto yatima yaliyo hospitalini Nkoaranga, kwa sababu ya ugonjwa ule ule. Yeye alikuwa na wajukuu wawili mgongoni, na chupa bado ilikwenda. Mjini Arusha wakati huo ilikuwapo mahakama ya kuwahukumu walioua watu nchini Rwanda, nayo redio ilileta habari zake kila jioni. Mama alisikiliza, kisha aliuliza swali moja tu, watoto wa waliouawa wanakunywa nini.

Uzeeni miguu ilimshinda, na ng'ombe akauzwa. Sisi tulimpelekea fedha kila mwezi za dawa na sukari. Tulipokuja kumzuru tuliona chai yake haina sukari, akasema ya kuwa daktari amemkataza. Hatukumwuliza daktari. Alikuwa akimtuma mtoto wa jirani apande hospitali asubuhi kabla ya shule, naye alidai ni kumpa mtoto mazoezi ya mwili.

Alifariki Alhamisi, tarehe 19 Septemba 2013, akiwa na miaka themanini na miwili, na tukamzika Jumanne iliyofuata. Tarumbeta zilipigwa. Watu walikuwa wengi, na miongoni mwao walikuwapo watu wazima wasiojulikana na ukoo wetu, waliosimama nyuma karibu na migomba, wakatupa udongo wakaondoka bila kula.

Kesho yake asubuhi alikuja jirani mwenye ng'ombe, ameshika chupa imejaa. Ilikuwa ya plastiki. Ile ya kijani ilikwisha vunjika zamani. Akatuambia ya kuwa amekuja kuuliza aipeleke yeye au tutaipeleka sisi, kwa sababu marehemu alikuwa amelipa maziwa ya mwezi mzima, na siku zilikuwa zimesalia sita. Sisi tulikuwa watano. Dada yetu mkubwa akachukua siku mbili.